Vitambaa vya Kabula na Fremu Niliyoichagua Mwenyewe

Alhamisi, jua linaelekea kuzama.

Upepo wa kiangazi umepiga tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Mwanangu Milembe amelala mapema, ananuka maziwa na jasho. Mimi nimekaa kizingitini na simu. Kidole cha shahada kimechomwa na sindano mpaka kuandika kwenyewe kunauma.

Leo uongo umesemwa mbele yangu, na mimi nikaukalia kimya.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mdogo wangu Kabula anaolewa. Jumamosi ndiyo sendofu yake, halafu anakwenda kwa mume, kijiji cha Choma, kule Igunga kwa wafugaji. Kwa watu wetu na watu wao, binti haondoki mikono mitupu. Anaondoka na seti ya vitambaa vya makochi na kimoja cha meza, vilivyodariziwa na mama yake kwa mkono. Vinafungwa kwenye kanga, na siku ya kumuaga, wanawake wa upande wa mume wanalifungua furushi mbele ya watu wote.

Hawaangalii maua kwanza. Wanageuza. Wanatazama mgongo wa kitambaa, mafundo yamefichwaje, uzi umepitaje kutoka ua hadi ua. Wakiridhika wanapiga vigelegele. Wasiporidhika wanakunja, wanaweka pembeni, hawasemi neno. Na wakikunja kimya, bibi harusi ameshapewa jina kabla hajafika kwake. Ametoka nyumba isiyo na mama.

Na yetu haina mama.

Mama alifariki Kabula akiwa darasa la nne. Mimi nilikuwa ndiyo nimemaliza la saba, sikwenda mbele. Nilimsuka nywele, nilimfulia sare, nilimfundisha kusonga ugali usio na mabonge. Kwa hiyo wakubwa wa ukoo walipouliza vitambaa vitatoka wapi, nikadakia kwamba nitadarizi mimi, na wakati huo hata sindano ya kudarizi nilikuwa sijaishika.

Jirani yetu Bi Zuwena ana duka la nyuzi na vifungo karibu na soko. Kwao ni Waarabu wa hapahapa Tabora, wafanyabiashara tangu babu wa babu, na yeye anadarizi tangu utoto. Nilimfuata yeye. Nikamwambia nataka mshono ule wa misalaba midogo midogo, unaoujaza kwa kuhesabu vitundu vya kitambaa mpaka ua linatokea.

Nilipoona nyuzi zimepangwa ukutani, macho yakaenda moja kwa moja kwenye zile zinazong'aa. Jamani, zilikuwa nzuri. Nyekundu ya kumetameta, bluu kama mgongo wa nzi.

"Hizo ziache," Bi Zuwena akasema. "Zinateleza, zinachanguka. Zinapendeza dukani tu. Mwanangu, wewe chukua pamba."

Kumbe hata pamba si pamba moja. Alikata kipande cha uzi mwekundu, akakilowesha kwa mate, akakibana kwenye ukingo wa mtandio wake mweupe. Ukabaki mstari wa waridi. "Huu utalia siku ya kwanza kufuliwa. Utaharibu kitambaa chote." Akakata mwekundu mwingine, akafanya vilevile, mtandio ukabaki safi. Tukachukua huo. Kijani alinitoa nacho nje, mpaka juani. Ndani ya duka nyuzi mbili nilizoshika zilikuwa sawa kabisa. Nje, moja ilikuwa mchicha, nyingine ilikuwa chupa ya soda. Akaniambia ninunue kijani chote nitakachohitaji siku ileile, maana mzigo ukija mwingine, kijani kilekile kitakuja na sura nyingine.

Yote hayo nilisikia, nikatii.

Kwenye fremu ndiyo nikajifanya najua.

Fremu zenyewe ni pete mbili za mbao, moja inaingia ndani ya nyingine, zinabana kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kulikuwa na ndogo kama kisahani cha kikombe, na kubwa karibu sawa na sinia. Bi Zuwena akanipa ndogo. Mimi nikaona hiyo ni ya watoto wa shule, wa kipindi cha sayansi kimu. Nilitaka kubwa, nilione ua zima kwa mara moja, nisiwe nakikaza na kukilegeza kitambaa kila siku.

"Una mtoto wa kunyonya," akasema. "Hiyo fremu na huyo mtoto watagombania mapaja yako."

Nikacheka. Nikaondoka na kubwa.

Mwanzo nilipata tabu nyingi. Sikujua kwamba uzi mmoja wa dukani ndani yake una nyuzi nyembamba kadhaa, unachomoa mbili tu ndiyo unatumia. Mimi nilitumia wote kama ulivyo, waridi langu la kwanza likawa nene kama godoro. Nikafumua. Kuhesabu vitundu kwa Kiswahili nilikuwa napotea, nikaanza kuhesabu kwa Kinyamwezi, polepole, kama Mama alivyokuwa akihesabu karanga za mbegu. Hapo mkono ukatulia. Baba Milembe alipokuja kutoka Sikonge, kule anakochunga mizinga yake ya nyuki, alishika kitambaa kwa ncha za vidole kama kimelowa asali. "Hiki umefanya wewe?" Nilijisikia vizuri wiki nzima.

Nilidarizi Milembe akilala, nilidarizi Milembe akinyonya. Hasa akinyonya, maana ndiyo saa pekee nakaa. Akiwa ziwa la kushoto, fremu ilikaa wima mbele yangu, ua likinitazama. Akihamia la kulia, kichwa chake hakikuwa na pa kukaa, na ile fremu ilivyo pana. Basi naigeuza ubavu, juu ya ua kunakuja upande wa mkono wangu, naendelea vilevile. Sikuona ubaya. Ua ni lilelile, vitundu ni vilevile.

Vyote nilivimaliza juzi.

Leo asubuhi nikavipeleka kwa Bi Zuwena anionyeshe namna ya kuvitia wanga. Nilikwenda nimevaa gauni la kanisani, mwenzenu, nikitegemea sifa. Akageuza kimoja, akatazama mgongo. Akasema mgongo ni safi, mafundo sikuyaonyesha. Moyo ukaburudika. Halafu akatoka nacho mlangoni, kwenye mwanga, akakiinamisha huku na huku.

Akakiinamisha tena, na tena, mpaka nikamuuliza, "Bibi, kuna nini?"

"Misalaba yako imelala pande mbili."

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kucha yake. Kila msalaba una miguu miwili, mmoja wa chini na mmoja wa juu. Ule wa juu lazima ulalie upande mmoja kitambaa kizima. Vyangu, nusu ya petali imelalia kulia, nusu imelalia kushoto. Ukikiweka kivulini huoni kitu. Ukikipeleka kwenye mwanga, ua linakuwa na mabaka, huku linang'aa, huku limefifia, kama nywele alizochanwa mtoto akiwa anakataa.

Palepale nikajua. La kushoto na la kulia. Nilikuwa naigeuza fremu ubavu, na mkono wangu nilikuwa siugeuzi.

Karibu petali zote. Vitambaa vyote.

Bi Zuwena hakunicheka. Ningependa angenicheka. Alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na bunda limefungwa kwa shuka. Ndani kulikuwa na seti nzima, vitambaa vya makochi na cha meza, maua ya komamanga, misalaba imelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Alividarizi mwenyewe zamani, akaviweka, hakuzaa binti.

"Chukua. Sema ni vyako."

"Bibi, hii haiwezekani."

"Wallahi inawezekana. Mimi vitanizika hivi? Mdogo wako asiende kunyanyaswa kwa ajili ya fremu."

Nilitoka pale nimebeba mabunda mawili na mtoto mgongoni. Njia nzima nilikuwa najiambia nitamrudishia jioni. Nilikuwa najiambia hivyo, lakini mikono ilikuwa imelishika lile bunda lake kwa nguvu kuliko langu.

Nyumbani Kabula alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza yote. Akavitandika juu ya mkeka, vya kwangu huku, vya Bi Zuwena huku. Aliangalia vya kwangu kidogo tu. Vya Bi Zuwena alivipapasa.

"Dada, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hutageuza vitambaa Jumamosi. Watageuza wao." Halafu akasema lile ambalo bado nalisikia: "Mimi ndiye nitakayeishi nao. Siyo wewe."

Nilichukua kitambaa changu cha meza, nikakibana tena kwenye fremu, nikaanza kufumua petali moja. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba naweza kuvirudia vyote kabla ya Jumamosi. Hata Milembe angeweza kuniambia siwezi. Nilipomaliza kuifumua ile petali moja, tukasikia hodi.

Shangazi yake bwana harusi. Shangazi Nyanzobe mwenyewe, kutoka Choma, amekuja mjini kununua masufuria ya sherehe, akaona apite kutusalimu. Huyu ndiye mwenye furushi. Jumamosi yeye ndiye atakayelifungua.

Kabula alikuwa mwepesi kuliko mimi. Akavichota vya kwangu, akavisukuma chini ya mto wa kochi. Vya Bi Zuwena vikabaki mkekani, vimetandazwa kama vinasubiri mgeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Eeh! Hivi ndivyo?" Hakungoja maji wala kiti. Akapiga magoti pale mkekani, akageuza cha kwanza, akageuza cha pili. Akapitisha dole gumba mgongoni kwenye uzi. "Nani kashona hivi?"

Nilifungua mdomo.

"Dada," Kabula akasema.

Ndiyo uongo wenyewe. Neno moja. Nami nilikuwa nimesimama hapo na mdomo wazi, nikaufunga.

Shangazi Nyanzobe akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe? Mdogo hivi? Mimi mkono kama huu nimeuona kwa vikongwe tu." Akainuka, akakaa kwenye kochi, juu ya mto uleule. "Hebu nishonee kidogo hapa niuone unavyokwenda. Misalaba miwili mitatu. Nitakwenda kuwasimulia wenzangu."

Fremu ilikuwa pale, na petali yake iliyofumuliwa. Nikatunga uzi. Mara ya kwanza ulikosa tundu, mara ya pili ukakosa. Nikaketi, nikapiga msalaba mmoja, nikaulalisha upande unaotakiwa, nikapiga wa pili. Jasho linanishuka mgongoni. Kabula amesimama mlangoni, anauma ncha ya kanga. Nikajua kwamba nikimaliza hii petali vizuri, mambo yamekwisha, uongo umeshika.

Milembe akalia.

Nikamvuta, nikampa ziwa. La kulia, maana ndilo lililokuwa limejaa. Na mkono wangu, jamani, mkono wangu haukuniuliza. Ukaigeuza fremu ubavu.

Niliendelea kushona. Sikujua hata kama nimefanya kitu, mpaka nikasikia, "Mbona umelilaza ua?"

"Ili kichwa cha mtoto kipate nafasi, shangazi."

Nilimjibu hivyo hivyo, kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha nikasikia nilichokisema.

Aliinama, akatazama misalaba niliyopiga kabla ya kunyonyesha na ile niliyopiga baada. Akachukua kitambaa kimoja cha Bi Zuwena, akakitazama tena, kwa mbele safari hii, kwenye mwanga wa mlango. Halafu akaingiza mkono chini ya mto aliokalia.

"Na hivi ulivyovisukuma huku? Miguu yangu ndiyo imezeeka, binti. Macho bado."

Kabula akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeganda, Milembe ananyonya kama hakuna lililotokea duniani.

Shangazi Nyanzobe aligeuza vya kwangu kimoja kimoja. Alikuwa anatafuta, anafuata mabaka kwa kidole: hapa huyu alikuwa kushoto, hapa kahamia kulia, hapa kalala katikati ya jani. Akacheka mara moja, cheko fupi la puani, hata sikujua la furaha au la dharau.

"Ng'wanone," akaniita, yaani mwanangu, kwa lugha ya kwao. "Hapa mtoto alikuwa anaumwa?"

Nikaangalia. Lilikuwa ua lile la pembeni, limebadilika upande kila baada ya misalaba michache. Wiki ile Milembe alikuwa anaota meno, hatulii ziwa moja.

"Alikuwa anaota meno, shangazi."

"Mmh."

Akavikunja vyangu. Vizuri, ncha kwa ncha, lakini alivikunja kimya, na mnajua maana yake. Akasimama.

"Mimi leo sikufika hapa. Nimenunua masufuria, nikapanda gari. Mmenisikia? Jumamosi mtaleta furushi mnalolitaka. Mkileta vile vya komamanga, kina mama watapiga vigelegele mpaka paa litikisike. Mkileta hivi, sijui. Wapo watakaoona mabaka tu. Mimi siwezi kuwapigia vigelegele peke yangu."

Mlangoni akamgeukia Kabula, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe una ulimi mwepesi. Kwetu utapata kazi." Akaenda zake.

Kabula aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mimi niliirudia ile petali ya cha meza, kwa sababu isingefaa kuachwa wazi, na sikujali misalaba imelalia wapi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira naye. Halafu hasira ikaisha, ikabaki hofu. Alichosema ni kweli. Mimi nitabaki hapa na mume wangu na majirani wanaonijua. Yeye atakuwa peke yake kule, asubuhi ya kwanza, anafagia uwanja wa watu, na wifi zake wanapeana macho. Nina haki gani ya kumfungia furushi lenye aibu yangu, ili tu mimi nijisikie mkweli? Nilichagua fremu kwa kiburi. Kwa nini alipe yeye?

Nikamwambia, "Chagua wewe. Utakachochagua, mimi nitakifunga, na sitakisema tena."

Akafuta mikono. Akaviokota vya Bi Zuwena mkekani, akavifunga kwenye shuka yao, akajitanda kanga, akatoka. Sikumuuliza anakwenda wapi. Nilidhani anavipeleka kwa mama mkubwa vikatiwe wanga, vikafungwe huko, mbali na macho yangu. Nikasema moyoni, sawa. Sawa, Kabula. Nikamlaza Milembe.

Amerudi sasa hivi, mikono mitupu.

"Nimemrudishia," akasema, huku anavua viatu. "Amenitukana, kasema mimi na wewe wote vichwa maji. Halafu kanipa halua."

"Kwa nini?"

"Halua?"

"Kabula."

Akakaa hapa kizingitini, pembeni yangu. "Nimefika pale kwenye kona nikajiona niko Choma, nimekaa kwenye kochi langu, nimeegemea yale makomamanga. Nikaona kila siku nitakuwa naegemea mama wa mtu mwingine." Akavuta makamasi. "Mimi ninaye wangu. Hata kama anashona vibaya."

Halafu akaingia ndani kula halua yake, akaniacha hapa na simu.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Jumamosi vinakwenda vya kwangu, na mabaka yake. Vikipigiwa vigelegele, sijui. Vikikunjwa kimya, sijui. Siwezi kuwaandikia kwamba naona yataisha vizuri, maana sioni. Naomba tu.

Ila kuna jambo moja nimeliamua. Nilikuwa nimepanga kwamba saa ya kufungua furushi nitakuwa jikoni, nikijifanya naangalia pilau, nisione nyuso zao. Sitakuwa jikoni. Wanaokaa mbele saa ile ni mama wa binti na watu wake. Nitakwenda kukaa mbele, kwenye mkeka, mahali pa mama. Na Milembe akilia, nitampa ziwa palepale, mbele yao wote, la kushoto au la kulia, atakalolitaka yeye.